Kura ya Kukataa: Safari Yake Tangu Vigae vya Athene Hadi Dole la Chini

Hakuna mamlaka yaliyogawiwa watu wengi kwa wepesi kama mamlaka ya kukataa. Mtu aliyeko Lamu, Lubumbashi au Toronto, ambaye pengine hajapata kuketi katika baraza lolote la hukumu wala kusimamia uchaguzi wa aina yoyote, anaweza leo, kwa kugusa kioo cha simu mara moja, kuipunguza hadhi ya maneno ya mtu asiyemjua, na, akipata wenzake wa kutosha, kuyafanya maneno hayo yasisomwe tena na yeyote. Kura hii ya kushusha, ambayo alama yake mashuhuri ni dole gumba lililoelekezwa chini, haikuzaliwa pamoja na simu. Ina nasaba ndefu, na katika nasaba hiyo mna jambo linalojirudia ambalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Kila ilipowekewa muda, bei na msimamizi, kura ya kukataa iliwafaa wengi. Na kila ilipotolewa bure, bila ya jina la mpigaji wala sababu ya kuipiga, ilitekwa na wachache waliokwisha kupatana faraghani.

Vigae vya Athene, 487–415 K.K.

Wayunani wa Athene, baada ya kuwaondoa madhalimu waliowatawala katika karne ya sita kabla ya Kristo, walikuwa na kanuni ambayo mapokeo huinasibisha na Cleisthenes, mwasisi wa demokrasia yao, na ambayo ilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 487 K.K. Mara moja kwa mwaka mkutano wa raia uliulizwa swali bila ya kutajwa jina la mtu: je, mwaka huu kuna haja ya kumwondoa yeyote mjini? Ikiwa jawabu ni ndiyo, kura yenyewe haikupigwa siku hiyo, ambapo hasira bado ni mbichi, bali baada ya miezi miwili hivi, ndipo kila raia alipokuja sokoni na kigae cha chungu kilichochorwa jina la yule anayemwona kuwa ni hatari kwa dola. Haikujuzu kumwondoa mtu mpaka vigae vifike 6,000. Na aliyepatwa na hukumu hiyo alipewa siku 10 za kujitayarisha, akaenda uhamishoni miaka 10, lakini mali yake haikuguswa, uraia wake haukufutwa, na muda ukiisha alirudi na heshima zake zote. Ilikuwa kura kali, walakini msimu wake ulijulikana, kiwango chake kilijulikana, na adhabu yake ilikuwa na mwisho.

Mwaka 482 K.K. kura hiyo ilimwangukia Aristides, mtu aliyesifika kwa insafu hata akapewa lakabu ya Mwadilifu. Plutarch, aliyeandika habari zake zaidi ya miaka 500 baadaye, anasimulia kwamba mtu mmoja wa shamba asiyejua kuandika alimwendea Aristides mwenyewe bila ya kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristides juu ya kigae; na alipoulizwa ubaya aliotendewa na mtu huyo, alijibu kwamba hakutendewa lolote, ila amechoka kusikia kila mahali akiitwa mwadilifu. Aristides akaliandika jina lake, akarudisha kigae. Huenda kisa hicho kilinakshiwa na wasimulizi. Lakini hata kama ni ngano, ni ngano ya kale inayoonyesha kwamba watu wa zama zile waliutambua mapema ugonjwa wa kura hii, yaani kwamba yaweza kupigwa kwa husuda ikahesabiwa sawasawa na ile iliyopigwa kwa hekima. Miaka miwili baadaye, majeshi ya Uajemi yalipokuwa yakisogea, Aristides aliitwa arudi kabla ya muda wake kutimia, akaitumikia nchi iliyomfukuza.

Ugonjwa wa pili ulikuwa mbaya zaidi, na ushahidi wake haukutoka vitabuni bali ardhini. Mwaka 1937 wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi katika mteremko wa kaskazini wa kilima cha Acropolis walikuta ndani ya kisima cha zamani vigae 190 hivi, karibu vyote vikiwa na jina la mtu mmoja, Themistocles, jemadari aliyewaongoza Waathene katika vita vya baharini vya Salamis. Walipoyachunguza maandishi, waligundua kwamba vigae vyote hivyo vilikuwa vimeandikwa na mikono 14 tu. Palikuwapo kikundi, basi, kilichoketi mahali kikaandaa kura nyingi mapema, ili siku ya siku wagawiwe wasiojua kuandika, na waliojua kuandika lakini hawakuwa na rai yao. Yaelekea vigae hivyo havikupata kutumika, ndiyo maana vikaishia kisimani. Lakini Themistocles hakunusurika, kwani katika miaka ya 470 K.K. naye alihamishwa. Mtu anayezifuatilia hujuma za mitandao ya siku zetu, akisimama mbele ya vigae hivyo, hataona ugeni wowote.

Kilichoiua desturi hiyo si ukali wake, ni hila. Baina ya mwaka 417 na 415 K.K. ilitazamiwa kwamba kura itamwondoa ama Alcibiades ama Nicias, mahasimu wawili wakubwa wa mji. Nao, walipoona kwamba hatari inawakabili wote wawili, waliunganisha wafuasi wao kwa siri, na vigae vikamwangukia mtu wa tatu, Hyperbolus, mwanasiasa ambaye kwa cheo chake hakuna aliyemdhania. Watu walicheka kwanza, kisha wakaona haya. Kura ya vigae haikupigwa tena Athene.

Ukumbi wa Michigan, 1997–1999

Zilipita karne 24. Mwaka 1997 kijana Rob Malda, wa mji wa Holland katika jimbo la Michigan, Marekani, alianzisha ukumbi wa habari za kompyuta ulioitwa Slashdot. Mwanzo wasomaji walikuwa wachache, na Malda mwenyewe aliweza kuyapitia maoni yao na kuyatenga yasiyofaa. Walipozidi, aliteua wasaidizi 25 hivi. Walipozidi zaidi, 400. Na hatimaye, kwa kuwa hapakuwa na idadi ya wasaidizi ambayo ingetosha, aliukabidhi umma kazi hiyo. Chanzo cha kura ya kushusha ya zama zetu ni huo wingi wa watu. Haikubuniwa na mwenye hasira. Ilibuniwa na mtu aliyezidiwa na kazi.

Namna alivyoikabidhi ninaistahi sana. Hakumpa kila mtu uwezo wa kukataa kila siku. Kompyuta iliteua wasomaji wa muda mrefu kwa bahati nasibu, ikampa kila mteule pointi 5, ambazo zikikaa siku 3 bila ya kutumika hutoweka. Kila pointi ilipandisha au kushusha maoni hatua moja, katika ngazi iliyoanzia -1 hadi 5, na mwenye kuitumia alilazimika kuchagua sababu katika orodha: haya yametoka nje ya mada, haya ni uchokozi, haya yanaelimisha, haya yana utambuzi. Aliyehukumu ndani ya mjadala hakuruhusiwa kuuchangia mjadala ule ule, kwa kuwa hakimu hawi mdai. Na mwaka 1999 iliongezwa daraja ya pili, ambapo wasomaji wengine waliletewa hukumu zilizokwisha kutolewa, wakaulizwa kama zilikuwa za haki. Aliyethibitika kuhukumu kwa dhuluma alipunguziwa nafasi ya kuteuliwa tena.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro. Cliff Lampe na Paul Resnick, wanazuoni walioutafiti na kutoa matokeo yao mwaka 2004, walionyesha kwamba hukumu zisizo sawa mara nyingi hazikurekebishwa, na kwamba maoni yaliyochelewa kufika, au yaliyoanza na alama ya chini, hayakuangaliwa kama yalivyoangaliwa yale yaliyotangulia. Hata hivyo mtu aliyeshushwa Slashdot aliweza angaa kujua ameshushwa kwa hoja gani, na aliyemshusha alijua kwamba naye anatazamwa. Mambo hayo mawili, msomaji, uyaweke akilini, maana hatutayakuta tena pamoja katika historia hii.

Maziko ya Digg, 2004–2012

Digg, iliyoanzishwa na Kevin Rose na wenzake mwishoni mwa mwaka 2004, ililichukua wazo la Slashdot ikalivua vizuizi vyake. Hapakuwa na bahati nasibu, wala pointi za kuhesabu, wala wa kuwahukumu mahakimu. Kila mwanachama aliweza kuipandisha habari yoyote, na kila mwanachama aliweza kuizika; kitendo chenyewe ndivyo kilivyoitwa, kuzika. Tena aliyepandisha alionekana jina lake, ilhali aliyezika hakuonekana, wala idadi ya waliozika haikutangazwa. Habari ilitoweka tu katika orodha, na aliyeileta akabaki kujiuliza.

Hapo pana tofauti kubwa na adhabu za jamii tunazozijua. Katika vijiji vyetu vya pwani, mtu asiyehudhuria mazishi wala harusi za wenzake hususiwa: siku yake ikifika, watu hawaji. Ni adhabu nzito, yenye kuvunja moyo, lakini aliyesusiwa anawajua waliomsusia, anaijua sababu, na anaijua nyumba ya mzee ambaye akimwendea kuomba radhi mambo yatatengenea. Aliyezikwa na Digg hakuwa na lolote katika hayo.

Haukupita muda mrefu wanachama wakaanza kunong'ona kwamba kuna vikosi vya wazikaji. Wengi walidhani ni uzushi wa walioshindwa, mpaka Agosti 2010, ilipotolewa ripoti ya uchunguzi iliyodai kwamba kundi la watu wapatao 100 wa mrengo wa kulia katika siasa za Marekani, waliojiita Wazalendo wa Digg, lilikuwa likiwasiliana kwa barua pepe, likipeana anwani za habari za mahasimu wao na kuzizika kwa pamoja kabla hazijafika ukurasa wa mbele. Kundi la watu mia ni dogo mno mbele ya wasomaji wa Digg, waliokuwa mamilioni. Lakini habari changa, ambayo bado ina kura 10 au 20, watu mia wanatosha kuiua. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hujuma hii: haihitaji wengi, yahitaji kuwahi.

Mwezi ule ule wa Agosti Digg ilizindua sura mpya, kitufe cha kuzika kimekwisha kuondolewa. Wanachama walighadhibika, na kwa sababu zaidi ya hiyo, maana sura mpya ilivifungulia vyombo vikubwa vya habari mlango wa kuingiza habari zao moja kwa moja, na mitambo yenyewe ilikuwa ikianguka kila mara; wakalipiza kwa kuujaza ukurasa wa mbele habari zilizotoka kwa mshindani, Reddit. Uongozi uliofuata ulikirudisha kitufe, lakini watu walikwisha kuhama, na Julai 2012 Digg iliuzwa kwa kampuni ya Betaworks kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola 500,000 hivi. Waliokuwa wakizikana wakahamia kwa jirani, na tabia zao wakaenda nazo.

Mishale miwili na bei ya pointi moja, 2005–2014

Jirani huyo, Reddit, alianzishwa Juni 2005 na Steve Huffman na Alexis Ohanian, vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Virginia. Kila habari, na baadaye kila maoni, iliwekewa mishale miwili, mmoja wa kupandisha na mmoja wa kushusha, na pembeni palikuwa na waraka wa adabu uliowausia wanachama wasiyashushe maneno ya mtu kwa kuwa tu hawaafikiani naye, bali kwa kuwa hayauongezei mjadala faida. Ni wasia mwema. Lakini wasia usio na wa kuusimamia hubaki kuwa wasia. Mshale wa chini ukawa ndiyo namna ya kusema sikubali, na maoni yaliyoshuka chini ya sifuri kwa hatua chache yalikunjwa yasionekane mpaka msomaji ayafunue kwa makusudi, na mwenyewe, hadhi yake ikiisha kupungua, aliambiwa na mitambo angoje kwanza kabla ya kuandika tena. Hivyo mwenye rai ya wachache, hata akiwa na adabu na hoja, alinyamazishwa kwa awamu.

Reddit haikulala. Mwaka 2009 ilianza kuyapanga maoni kwa kanuni ya hesabu iliyotungwa na Edwin Wilson mwaka 1927, kanuni ambayo huipa kura uzito kwa kadiri ya wingi wake, ili maoni yenye kura tatu yasihesabiwe kuwa yamekwisha kuhukumiwa. Baadaye ziliruhusiwa kufichwa alama za maoni katika saa zake za mwanzo, ili anayefika asifuate mkumbo. Na Juni 2014 iliacha kuonyesha kura za juu na za chini mbali mbali. Mwezi uliofuata, mmoja wa wanachama waliopendwa mno, aliyesifiwa kwa kuwaelimisha wenzake habari za wanyama, alifukuzwa kwa kuwa alikuwa na akaunti nyingine kadhaa za siri, ambazo alizitumia kujipandisha na kuwashusha walioshindana naye. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Mbele yake palikuwa na mamlaka yasiyo na gharama, na hapakuwa na wa kumwona.

Stack Overflow, ukumbi wa maswali na majibu ya waandishi wa programu ulioanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, ulishika njia nyingine, na kwa maoni yangu ndio uliokaribia uadilifu zaidi. Mgeni hakuruhusiwa kushusha mpaka achume pointi 125 kwa kazi yake mwenyewe. Aliyelishusha jibu la mwenzake alimpunguzia pointi 2, naye akakatwa pointi 1 ya kwake. Bei hiyo ni ndogo mno, lakini yatosha kumfanya mtu ajiulize kama kosa aliloliona lina thamani ya anachokitoa. Na kila siku programu maalumu ilizipekua kura, ikizifuta zile zilizoonekana kumwandama mtu mmoja kwa mfululizo. Mwaka 2011 bei ya kushusha maswali iliondolewa, ikabaki ya majibu. Na Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba ukumbi wake umekuwa mahali pasipowakaribisha watu, hasa wageni, ambao ndio waulizaji wakubwa wa maswali. Sidai kwamba la kwanza ndilo pekee lililozaa la pili, lakini siwezi kuyasoma mambo hayo mawili bila ya kuyaweka pamoja.

Yaliyopimwa na wanazuoni, 2013–2014

Mpaka hapo mabishano yalikuwa ya dhana. Agosti 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio walilolifanya kwa muda wa miezi mitano juu ya maoni zaidi ya 100,000: baadhi waliyapa kura moja ya juu mara tu yalipoandikwa, mengine kura moja ya chini, na mengine waliyaacha. Kura ile moja ya juu iliwavuta wengine, hata alama ya mwisho ikazidi kwa asilimia 25 kwa wastani. Lakini kura moja ya chini, waliofika baadaye waliirekebisha. Hiyo ni habari njema juu ya tabia ya binadamu, nami naikubali kwa furaha: umma ukikuta mtu mmoja amedhulumiwa, huelekea kumnyanyua. Ila jaribio lilipima kura moja, wala halikupima kura mia zilizopangwa ziingie kwa pamoja.

Mwaka uliofuata Justin Cheng, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na Jure Leskovec waliangalia jambo jingine, yaani taathira ya kushushwa juu ya yule anayeshushwa, katika kumbi nne za habari na burudani. Walikuta kwamba aliyeshushwa haachi kuandika, wala hajirekebishi. Huandika zaidi, kwa ubora mdogo zaidi, na yeye mwenyewe huanza kuwashusha wenzake. Walioelekea kuondoka ni wale ambao hawakujibiwa kwa lolote. Kwa hiyo hoja kongwe ya watetezi wa kura hii, kwamba inamtia mtu adabu, haikuthibitika. Kilichothibitika ni kwamba uchungu huambukizwa.

Siku ambayo umma ulikuwa na haki, Novemba 2017

Haingekuwa insafu kuyataja maovu peke yake. Novemba 2017 kampuni ya michezo ya kompyuta ya Electronic Arts ilikuwa karibu kuutoa mchezo wa Star Wars Battlefront II, na wanunuzi walioulipia bei kamili waligundua kwamba mashujaa maarufu, kama Darth Vader, wamefungwa mpaka mtu acheze saa nyingi mno au atoe fedha zaidi. Kampuni ilijibu ndani ya Reddit kwamba kusudi lake ni kumpa mchezaji fahari ya kufanikiwa. Jibu hilo lilishushwa kwa kura zaidi ya 660,000, likawa maoni yaliyokataliwa kuliko yote katika historia ya Reddit. Kampuni ilipunguza masharti ya mashujaa wale kwa asilimia 75, na siku ya kuutoa mchezo ilipowadia, ilisimamisha ununuzi wa ndani kwa fedha halisi; na Aprili 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya bahati katika baadhi ya michezo ya kompyuta ni kamari. Hapo waliokataa walikuwa wanyonge, na aliyekataliwa alikuwa na nguvu. Hoja yao ilikuwa wazi, na jambo walilolikataa ndilo lile lile lililoandikwa. Kura hiyo ilistahili kupigwa.

Uso wa hasira, 2009–2020

Facebook, iliyoleta kitufe cha kupenda Februari 2009, iliombwa kwa miaka mingi iweke na cha kutopenda, ikakataa. Septemba 2015 Mark Zuckerberg alieleza kwamba hataki kuifanya iwe mahali pa kupandishana na kushushana; na Februari 2016 zikatolewa nyuso za hisia, mojawapo ikiwa ya hasira. Nia ilikuwa njema, lakini hasira ilikuta mlango mwingine. Nyaraka za ndani zilizotangazwa mwaka 2021 zilionyesha kwamba tangu 2017 mitambo ya Facebook iliupa kila uso wa hisia, wa hasira ukiwamo, uzito wa laiki tano, hata habari iliyowakasirisha watu ikasambazwa kwa kuwa imewakasirisha. Na uzito wa uso wa hasira haukuondolewa mpaka Septemba 2020. Hapo aliyekataa alikuwa akimpandisha anayemkataa bila ya kujua.

Dole la YouTube, 2010–2022

Tunafika sasa mahali ambapo jambo hili liliwagusa watu wengi kuliko popote. YouTube, iliyoanza mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006, ilitumia kwanza nyota 1 hadi 5. Lakini Septemba 2009 ilitangaza kwamba wapigaji kura karibu wote hutoa nyota 5, na mwaka 2010 nyota zikaondoka, yakaja madole mawili. Idadi ya kila dole iliwekwa wazi chini ya video, na kwa miaka 11 ikawa ni dalili ambayo watazamaji waliitegemea. Mtu anayetafuta namna ya kutengeneza pampu ya maji, au dawa ya mti wake wa muembe, aliona kwa jicho moja kwamba waliotangulia wameikataa video hiyo, akaiacha kabla hajaharibu kitu. Huo ulikuwa ushahidi wa watu waliokwisha kujaribu, na thamani yake ilikuwa kubwa hasa kwa asiye na fundi wala bwana shamba wa kumuuliza.

Sambamba na manufaa hayo zilikua hujuma. Machi 2016 trela ya filamu mpya ya Ghostbusters, ambayo wahusika wake wakuu walikuwa wanawake, ilishushwa kwa wingi uliokuwa haujaonekana kwa trela ya filamu, na watu ambao filamu yenyewe hawakuwa wameiona, kwani ilikuwa haijatoka. Desemba 2018 YouTube yenyewe ilionja: video yake ya kuuaga mwaka ilikataliwa mara zaidi ya milioni 10 ndani ya siku chache, ikawa video iliyokataliwa kuliko zote. Na Agosti 2020, miezi miwili baada ya kifo cha mwigizaji wa Kihindi Sushant Singh Rajput, trela ya filamu ya Sadak 2 ilishushwa mara zaidi ya milioni 10, kwa hasira ya watu waliowatuhumu wakubwa wa sinema za Mumbai kwamba wanawabeba jamaa zao. Huenda tuhuma hiyo ilistahili kujadiliwa kwa kina. Lakini dole halijadili, na waliocheza katika filamu hiyo walihukumiwa kwa jambo lisilokuwamo ndani yake.

Mwezi Februari 2019 Tom Leung, mmoja wa wakuu wa YouTube, alikwisha kuzitaja hadharani njia walizokuwa wakizifikiria ili kuyazuia magenge hayo, na miongoni mwazo ilikuwamo ya kumtaka mpigaji kura aeleze sababu yake. Njia hiyo haikufuatwa. Tarehe 10 Novemba 2021 ilitangazwa kwamba kitufe kitabaki lakini hesabu ya kukataa itafichwa kwa kila mtu isipokuwa mwenye video, kwa hoja kwamba majaribio yameonyesha hujuma kupungua, na kwamba wanaoumizwa zaidi ni wenye chaneli ndogo. Jawed Karim, mmoja wa waasisi watatu, ambaye video yake ya sekunde 19 ya Aprili 2005 ndiyo ya kwanza kuwekwa YouTube, alibadilisha maelezo yaliyo chini ya video hiyo ili kupinga. Na Septemba 2022 taasisi ya Mozilla, baada ya kukusanya kumbukumbu za watumiaji zaidi ya 20,000 waliojitolea, ilieleza kwamba kubonyeza dole la chini kulizuia asilimia 12 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Kura ikawa haionekani na wenzako, wala haisikilizwi sana na mitambo.

Uamuzi wa 2021 ninauhesabu kuwa ni wa makosa. Wenye chaneli ndogo walistahili kulindwa, na hilo halina shaka. Lakini silaha za kuwalinda zilikuwapo tangu Slashdot na Stack Overflow, zimejaribiwa na watu wasio na fedha hata kidogo zikilinganishwa na za Google: kura chache kwa kila mtu, gharama ndogo kwa mpigaji, sababu iliyochaguliwa, mapitio ya hukumu, na upekuzi wa kura zinazoingia kwa mafungu. Badala ya kuwazuia waliokuwa wakiichafua kura, ilinyang'anywa dalili yake hadhira yote, na mtapeli wa dawa na mafundisho ya uongo akafaidika kwa kificho kile kile kilichokusudiwa kumsitiri mnyonge. Wenye kuisimamia mitandao hii, na vijana wetu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kigali wanaotunga mingine, nawasihi waiweke wazi hesabu ya waliokataa, na wamtake kila anayekataa aeleze amekataa nini.